Chuo si ada peke yake: mwanao akipata shida chuoni, amwendee nani?

Kila tunapozungumzia vyuo kwenye kipindi, ujumbe mwingi unaotufikia kutoka Mlola na vijiji vya jirani unauliza jambo moja: ada ni shilingi ngapi? Ni swali la haki. Mzazi anayepeleka kabichi na viazi gulioni lazima ajue kiasi kitakachotoka mfukoni kabla kijana hajafunga begi.

Kuna swali la pili ambalo halitufikii sana, nalo lina uzito uleule: mwanangu akishafika kule, akaugua au akapungukiwa fedha, amwendee nani? Wapo vijana wanaorudi nyumbani katikati ya mwaka wakati masomo hayakuwashinda. Walipata shida, wakaona aibu kusema, wakapanda gari. Ada iliyolipwa ikapotea, na nafasi nayo ikapotea. Leo tunaeleza huduma ambazo vyuo vinazo kwa ajili ya mwanafunzi, na namna ya kuziomba kabla mambo hayajaharibika.

Tunazungumzia vyuo gani?

Hapa kwetu Lushoto tuna Chuo cha Maendeleo ya Jamii Ufundi Mabughai, ambacho huunganisha ufundi na kazi za maendeleo ya jamii. Tuna pia Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kinachofundisha sheria kwa ngazi ya cheti na stashahada.

Nje ya wilaya yetu, lakini ndani ya mkoa wa Tanga, vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo wengi huviita FDC. Kimoja kiko Handeni na kingine ni Kiwanda, wilayani Muheza. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 wakati wa Mwalimu Nyerere, kwa msaada wa Sweden, ambako walikuwa na vyuo vya wananchi tangu karne ya 19. Leo vya Serikali ni 54 nchi nzima. Nia yake ilikuwa mtu mzima wa kijijini apate elimu na ufundi bila kuulizwa kwanza alifaulu mitihani mingapi.

Halafu kuna VETA. Kwa miaka mingi ada ya vyuo vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, mbali na sare, vifaa na michango mingine inayoandikwa kwenye fomu ya kujiunga.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, ambalo ndilo baraza la Taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Chuo cha Serikali hulipwa kwa kontroo namba. Mtu akikupa namba yake ya simu umtumie ada, usitume.

Mtu wa kwanza kumjua ni mshauri wa wanafunzi

Kila chuo kina mtu anayeshughulikia maisha ya wanafunzi nje ya darasa. Vyuo vingine humwita mshauri wa wanafunzi, vingine mlezi. Bwenini kuna matroni kwa wasichana na patroni kwa wavulana. Pia kuna serikali ya wanafunzi, yenye rais na mawaziri wake, ambao kazi yao ni kuyafikisha mambo ya wenzao kwa uongozi.

Kijana akifika chuoni, wiki ya kwanza aijue ofisi ya mshauri na aondoke na namba yake ya simu. Wewe mzazi nawe iandike. Asisubiri mpaka awe na kesi.

Fedha zikipungua

Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu, na awamu hizo huandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Soma ukurasa huo pamoja na mwanao, kisha upange na mavuno yenu. Kama viazi vitatoka baada ya tarehe ya awamu ya pili, nenda au andika barua kwa mkuu wa chuo mapema, useme utalipa lini. Chuo kinaweza kukubali au kukataa, lakini barua iliyofika kabla ya tarehe ina nafasi nzuri kuliko maombi ya mlangoni siku ya mtihani. Mwanafunzi asiyemaliza ada anaweza kuzuiwa kufanya mtihani.

Kuhusu mkopo, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kwa muda mrefu ilihudumia zaidi wanafunzi wa vyuo vikuu. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 ilifungua mlango kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele, zikiwemo afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Siyo kila stashahada imo. Soma mwongozo wa mwaka husika kabla ya kuomba.

Kinachowakwamisha waombaji wengi ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa vilevile. Kaya iliyomo TASAF iwe na namba yake. Mwenye ulemavu anahitaji uthibitisho wa daktari. Fomu nayo inahitaji saini ya uongozi wa kijiji. Mambo haya hayamalizwi kwa siku moja ukiwa unatoka Mlola kwenda Lushoto mjini na kurudi. Anza kuyashughulikia kijana akiwa bado shuleni, usingoje dirisha la maombi lifunguliwe.

Akiugua

Kwenye fomu nyingi za kujiunga utakuta shilingi 50,400 ya bima ya afya ya mwanafunzi kwa mwaka. Wazazi wengine huiona kama mchango wa kuchelewesha, wakailipa mwisho. Tunashauri iwe miongoni mwa malipo ya kwanza. Kijana anaweza kuumwa mwezi wa pili wa masomo, na bila kadi gharama ya hospitali itakula ada. Kama tayari ana bima ya familia, apeleke nakala ya kadi chuoni ili asitozwe mara mbili.

Mwenye ulemavu, au mwenye ugonjwa wa kudumu kama kifafa, pumu au selimundu, aliseme hilo kwenye fomu ya afya. Wazazi wengine huficha wakihofia mtoto atakataliwa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mtu katika elimu kwa sababu ya ulemavu wake. Na matroni akijua kijana ana kifafa, atampangia kitanda cha chini na atajua la kufanya usiku.

Akipata ujauzito au akiwa na mtoto

Hapa ndipo ndoto nyingi za mabinti zetu hukatikia. Mwezi Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi kwenye mfumo rasmi. Kwa binti ambaye hawezi tena kukaa darasani na watoto wadogo, vyuo vya maendeleo ya wananchi vina mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa pamoja na shirika la Karibu Tanzania. Binti husoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi na ujasiriamali. Vyuo vingi kati ya hivi vimeweka sehemu ya kulelea watoto, mama akaingia darasani huku mtoto wake akiangaliwa hapohapo. Ukipiga simu chuoni kuulizia nafasi, uliza pia kama malezi ya watoto yapo na mtoto anapokelewa kuanzia umri gani.

Akinyanyaswa

Vyuo vina dawati la jinsia, ambako mwanafunzi, awe wa kike au wa kiume, anaweza kupeleka malalamiko. Mwalimu au mtumishi akidai ngono ili atoe alama, chumba au nafasi ya fildi, hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU hupigiwa bure kwa namba 113. Aliye chini ya miaka 18 anaweza kupiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, nayo ni bure. Mwambie mwanao atunze ujumbe wa simu na asiufute kwa hasira, maana ndio ushahidi.

Ikibidi kuondoka, aondoke kwa barua

Kama kuna jambo moja tunaomba ulikumbuke katika makala haya, ni hili. Yako mazingira ambayo mwanafunzi hawezi kuendelea kwa wakati ule: ugonjwa mrefu, kujifungua, msiba wa mzazi anayemsomesha. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo. Mwanafunzi huandika barua kupitia kwa mshauri, huambatanisha ushahidi kama cheti cha daktari, kisha husubiri jibu la maandishi. Akikubaliwa, nafasi yake hubaki na atarudi kuendelea pale alipoishia.

Anayeondoka kimya kimya huhesabiwa kuwa ameacha au ametoroka. Mwaka unaofuata akirudi ataambiwa aombe upya, aanze mwanzo, alipe upya. Wote wawili walikuwa na shida ileile. Tofauti ni karatasi moja.

Kabla kijana hajapanda gari

Kaeni pamoja muisome fomu ya kujiunga yote, siyo ukurasa wa ada tu. Andikeni tarehe za awamu za malipo, namba ya mshauri na namba ya matroni au patroni. Tunzeni risiti zote, na nakala za vyeti zibaki nyumbani. Kisha mwambie mwanao neno ambalo wengi hawalisikii kwa wazazi wao: ukipata shida, niambie mimi na umwambie mshauri, siku hiyohiyo, hata kama ni jambo la aibu.

Anayejua kuwa hatafokewa ndiye husema mapema. Na shida ikisemwa mapema, ofisi hizi tulizozitaja zinakuwa na muda wa kusaidia.