Mfarishi wa Mwaka Mzima: Jinsi ya Kuchagua Vitambaa na Rangi

Baridi ya miezi ya Juni, Julai na Agosti yajulikana sana na kila mtu akaaye Nyeri, Karatina, Nanyuki au Chogoria. Ukungu hushuka kutoka Mlima Kenya, jua hujificha siku nyingi, na usiku blanketi moja halitoshi. Kununua blanketi jingine ni gharama, na mara nyingi fedha hizo zimekwisha kutengwa kwa ajili ya karo au mbolea. Kwa sababu hiyo yafaa tuzungumze juu ya mfarishi wa vipande, yaani nguo ya kujifunika iliyoshonwa kwa vitambaa vidogo vidogo. Mama mwenye kazi nyingi aweza kushona mraba mmoja kila mwezi, na mwaka ukiisha mtoto wake atakuwa na nguo nzito ya kitandani.

Kuunganisha vipande si jambo geni kwetu. Masimulizi ya pwani yasema kwamba leso, vazi lipendwalo na wanawake wa Kenya nzima, ilianza katika karne ya 19 wakati wanawake waliponunua vitambaa vya mkono sita ambavyo havijakatwa, wakavitenga vitatu vitatu, kisha wakavishona pamoja vikawa nguo moja. Vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952, vilifundisha akina mama kushona na kufuma pamoja na upishi na malezi ya watoto. Huko Marekani, katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, wanawake wakulima walishona mifarishi kwa nguo za shamba zilizochakaa. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilionyeshwa katika majumba ya sanaa ya Houston na New York, na watu wengi walishangazwa na uzuri wake.

HESABU KABLA YA RANGI

Anayetaka kuchagua vitambaa hana budi kujua kwanza atahitaji vingapi. Tuseme kila mraba utakuwa na inchi 12 kila upande, nao umeshonwa kwa vipande tisa, mistari mitatu ya vipande vitatu. Kila kipande hukatwa inchi 4 na nusu, kwa kuwa robo ya inchi huingia katika mshono kila upande. Miraba 12 ya mwaka, ikipangwa mitatu kwa minne, hufanya inchi 36 kwa 48. Ukizungushia pindo la inchi 6 pande zote utapata inchi 48 kwa 60, kipimo kimfaacho mtoto.

Sasa ugawe vipande tisa katika mafungu matatu. Kipande cha katikati kiwe cha rangi moja mwaka mzima. Vipande vinne vya ubavuni viwe vya kitambaa cheupe-cheupe kisichobadilika, navyo kwa mwaka ni 48. Vipande vinne vya pembeni ndivyo vibadilike kila mwezi.

Faida ya mpango huu ni mbili. Mita moja ya kitambaa chenye upana wa inchi 45, hata ikirudi kidogo baada ya kufuliwa, yatosha kutoa vipande 72, hivyo kile cheupe-cheupe waweza kukinunua mara moja. Wala usikinunue kidogo kidogo, maana kitambaa cha Januari na cha Septemba, hata kama vyaitwa kwa jina moja, huenda vikatofautiana rangi. Ama vile vya pembeni, kila mwezi wahitaji kitambaa cha inchi 9 kwa 9 tu. Mgongo wa shati la mtoto lililopasuka kwapani watosha, au mabaki kutoka kwa fundi wa nguo, au gauni la mitumba kutoka soko la Karatina.

KITAMBAA GANI?

Pamba na ifuatane na pamba. Kitambaa chembamba kikishonwa na kizito, kile kizito hukivuta chenzake hata kikapasuka kando ya mshono. Ukiwa na shaka, kata nyuzi chache, uzishike kwa koleo na kuziwasha mbali na vitu vingine. Pamba hunuka kama karatasi iunguayo na huacha majivu laini. Nyuzi za kiwandani zitokanazo na mafuta huyeyuka na kuganda kama ushanga mgumu.

Kila kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, ili kirudi sasa na si baadaye. Kisha jambo kubwa kuliko yote: kijaribiwe kama chachuja. Kilowe kwa maji ya moto kiasi, kibanwe juu ya kitambaa cheupe, na kiachwe nusu saa. Kikiacha alama, kitenge. Wengi hutumaini kwamba chumvi au siki itazuia rangi, lakini rangi ambayo haikushikwa vema kiwandani haitengenezwi kwa chumvi ya jikoni. Kitambaa kimoja chekundu chenye kuchuja chaweza kuharibu, kwa kufuliwa mara moja tu, kazi ya miezi 12.

RANGI NA JIRANI YAKE

Mwaka 1839 Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia kazi ya rangi katika kiwanda cha ufumaji cha Gobelins mjini Paris, alitoa kitabu juu ya jambo hili. Wateja walilalamika kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa nyeusi vya kutosha. Alipochunguza aliona kwamba dosari haikuwa katika nyuzi, bali katika rangi zilizowekwa karibu nazo. Rangi huonekana kufuatana na jirani yake: kijani kibichi kando ya nyekundu huwaka, kando ya buluu hutulia.

Basi usichague rangi ukiwa dukani, kitambaa kimoja kimoja mkononi. Vitandaze vyote pamoja mezani, urudi nyuma hatua kumi, ufumbe macho nusu. Vikionekana vyote sawa, mfarishi utakosa uhai hata kama rangi ni nyingi, kwa sababu linaloonyesha umbo la mraba ni tofauti ya giza na mwanga. Vipande vya pembeni na viwe vya giza: buluu nzito, kahawia, kijani cha majani ya chai. Nyekundu na manjano itumie kama pilipili katika mchuzi; kipande kimoja cha katikati chatosha.

Nyeupe safi haifai sana katika nchi ya udongo mwekundu na jiko la kuni. Rangi ya maziwa au ya mchanga huvumilia zaidi. Leso iliyochakaa pia ina mahali pake: maua yake hufaa pembeni, na maneno yake yaweza kukatwa kama utepe na kuwekwa kwenye pindo. Mtoto atajifunika nguo ya nyanya yake na kusoma usemi wake.

KAZI YA KIKUNDI

Akina mama wakishona pamoja, wakubaliane tangu mwanzo juu ya kitambaa cheupe-cheupe na rangi ya katikati, na wavinunue kwa fedha za pamoja. Rangi za pembeni kila mtu na ajichagulie. Hivyo hakuna atakayelazimishwa, wala mfarishi hautaonekana kama umeshonwa na watu waliokosana. Miraba iliyokwisha ihifadhiwe ndani ya sanduku, mbali na jua la dirishani lisije likaipausha.

Mwisho wa mwaka blanketi kuukuu laweza kuwekwa ndani, na marekani nyuma yake, kisha matabaka matatu yakashonwa pamoja. Anayeanza Agosti, wakati baridi bado yauma, atamaliza Julai ya mwaka ujao, kabla baridi hiyo haijakwisha. Haba na haba hujaza kibaba.