Mimba, mshahara na masharti ya ruzuku Uingereza

Mume kaongezewa zamu ghalani, mke ana mimba ya miezi saba. Kwa Waswahili wa Uingereza wenye haki ya kupokea Universal Credit, ruzuku ya wenye kipato kidogo, yote mawili yanabadili hesabu.

Wanandoa huomba pamoja, ila kila mmoja ana masharti yake ya kutafuta kazi. Kwa wasio na mtoto bado, kwa kawaida kila pauni ya mshahara baada ya kodi hupunguza ruzuku kwa peni 55.

Mjamzito halazimishwi kutafuta kazi kuanzia wiki 11 kabla ya tarehe ya kujifungua hadi wiki 15 baada ya kujifungua. Msamaha huo haumgusi mumewe. Basi mimba itajwe mapema. Asiyesema anaweza kukatwa fedha kwa kukosa miadi ambayo hakupaswa kuhudhuria.