Nyama Iliyokaa Kwenye Friza Muda Mrefu: Je, Bado Inafaa Kuliwa?

Kila baada ya sikukuu swali hili huturudia, kutoka Njombe mjini na kutoka Makambako pia. Nyama ilibaki Krismasi, ikafungwa kwenye mfuko na kuwekwa chini kabisa ya friza, ikaja kuonekana mwezi wa nane. Iliwe au itupwe? Wapo wanaoitupa kwa hofu, na kwa bei ya nyama ilivyo hiyo ni hasara kubwa. Wapo wanaoipika bila kuuliza, wakiamini kwamba kilichoganda hakiharibiki. Tumeona tulieleze jambo hili kwa kirefu kidogo.

Kwanza tuondoe hofu ya kuhesabu miezi. Nyama iliyoingia kwenye friza ikiwa nzuri, na kukaa muda wote katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, haiozi. Bakteria huhitaji maji ili waongezeke, na maji yaliyoganda hayawafai. Mwaka 1979 mchimbaji dhahabu huko Alaska, Marekani, alikuta mzoga wa nyati wa kale ulioganda ardhini kwa makumi ya maelfu ya miaka. Mwaka 1984 mwanasayansi Dale Guthrie na wenzake walipika mchuzi wa kipande cha shingo yake, wakala, na wakabaki wazima. Hatumshauri mtu awaige, lakini mfano huo unaonyesha nguvu ya baridi isiyokatika.

Kinachopungua kadiri muda unavyopita ni ladha. Mafuta huchacha, na nyama iliyofungwa vibaya hukauka na kufanya mabaka ya kijivu; hayo yakatwe tu, hayana sumu. Kwa ladha nzuri, vipande vikubwa vya ng'ombe na kuku mzima huweza kufika mwaka mmoja, nyama ya kusaga miezi 3 au 4, na iliyokwisha kupikwa miezi 2 au 3. Andika tarehe kwenye mfuko, basi.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Friza haiui bakteria walio wengi, inawalaza tu. Baridi ikipungua wanaamka na kuendelea pale walipoishia. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: tangu nyama hii iingie, umeme umekatika mara ngapi, na kwa saa ngapi? Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, familia nyingi zilikuwa na friza zilizoyeyuka na kuganda tena bila mtu kujua. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi kwa muda wa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Sehemu ya kawaida ya jokofu ni saa 4 tu. Kila unapofungua kuchungulia unapunguza muda huo, na watoto waambiwe hivyo.

Kwa anayesafiri ipo njia rahisi. Gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Ukirudi ukakuta sarafu imezama chini na barafu imeganda juu yake, ujue vyote viliyeyuka ulipokuwa hupo. Nyama hiyo itupwe hata kama sasa ni ngumu kama jiwe na haina harufu. Kuichemsha sana hakusaidii, kwani baadhi ya bakteria huacha sumu isiyoharibiwa na moto wa jikoni. Lakini ukifika nyama bado ina chembe za barafu ndani yake, unaweza kuigandisha tena au kuipika siku hiyohiyo.

Hapa kwetu Njombe baridi yenyewe hutudanganya. Mwezi wa sita na wa saba mtu hutoa nyama kwenye friza jioni, huiacha mezani hadi asubuhi na kusema jiko letu ni friji tosha. Bakteria huongezeka kati ya nyuzi 5 na 60, na jiko lililokokwa moto wa jioni, hata Julai, liko ndani ya kiwango hicho. Nyama iyeyushwe ndani ya friji, au kwenye maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa. Vivyo hivyo kwa wanaonunua nyama iliyoganda Makambako na kupanda nayo basi: kilomita 60 hivi si nyingi, ila gari likisubiri abiria stendi saa mbili juani mambo ni mengine.

Kuhusu nguruwe, friza ni rafiki kuliko wengi wanavyojua. Nyanda za Juu Kusini tuna tatizo la tegu, na mbegu zake huonekana kwenye nyama kama punje za mchele. Anayekula nyama hiyo ikiwa mbichi ndani hupata mnyoo tumboni. Mayai yanayotoka na kinyesi chake, yakimezwa na mtu, yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kugandisha vizuri kwa nyuzi 10 chini ya sifuri au baridi zaidi, kwa wiki mbili, huziua mbegu hizo. Hata hivyo nyama yenye punje isinunuliwe, na kitimoto kiive hadi ndani.

Ila friza haitakasi mnyama aliyekufa mwenyewe. Vimelea vya kimeta havijali barafu. Nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi isiingie ndani ya friza yako kabisa.

Na ile uliyoamua kuitupa, usiwape nguruwe. Virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika havimdhuru binadamu, lakini hudumu kwenye nyama iliyoganda kwa muda mrefu sana, na kipande kimoja chenye virusi kinatosha kumaliza banda zima. Chimba shimo refu, fukia, mbwa wasifukue.