Istilahi za Simu za Ofisini: Usalama, Ulinzi na Siri

Madhumuni ya makala haya ni kueleza maana ya baadhi ya istilahi zinazohusu mfumo wa simu za ofisini, hususan zile za kuunganisha simu na za kuzilinda. Tumeonelea tuyaandike kwa sababu mfumo huo huja pamoja na kitabu cha maelekezo, na kitabu hicho aghalabu hupita mikononi mwa mtafsiri. Mtafsiri akikosea neno moja, mtumiaji atafuata kosa hilo kwa uaminifu, na ofisi ndiyo itakayolipa gharama.

Tuanze na mtambo wenyewe. Hapo zamani swichibodi ilikuwa ubao wenye matundu na nyaya, na opereta ameketi mbele yake. Mtu akitaka kuzungumza na idara nyingine, opereta alichomeka waya katika tundu linalohusika. Mwaka 1891 Almon Strowger wa Marekani alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila ya opereta, na polepole kazi hiyo ikahamia katika mashine. Leo, katika ofisi nyingi, kazi ya swichibodi hufanywa na programu ya kompyuta. Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, ikagawanywa vipande vidogo, ikapitishwa katika mtandao ule ule unaobeba barua pepe, na kuunganishwa tena upande wa pili. Kwa njia hiyo makao makuu yaliyoko Dodoma na tawi lililoko Mtwara huweza kutumia swichibodi moja: mtumishi hubonyeza tarakimu chache tu, kana kwamba anampigia mwenzake wa chumba cha pili.

Vipande hivyo vya sauti vinahitaji jina. Wako wanaoviita "vifurushi". Neno ni zuri, lakini watumiaji wa simu za mkononi wamekwisha kulitwaa kwa maana ya muda wa maongezi unaonunuliwa kwa pamoja. Tukiandika kwamba "vifurushi vimepotea njiani", msomaji atadhani salio lake limeibwa. Kwa hiyo tunapendekeza "pakiti".

Opereta wa zamani hakuwa mwunganishaji tu. Alikuwa mlinzi pia. Alizitambua sauti za wakubwa na wadogo, na alijua nani ameruhusiwa kupiga simu ya mbali. Alipoondoka, ulinzi wake uliondoka naye, na kila sehemu ya kazi hiyo sasa lazima ifanywe na mtambo na ipewe jina lake. Hapa ndipo neno "usalama" linapotuponza. Usalama ni hali ya kutokuwa na hatari. Twalitumia kwa umeme, kwa barabara, hata kwa chombo cha dola. Maelekezo yanayosema "washa usalama" hayamwambii mtu afanye nini. Ulinzi ni kazi, na usalama ni matokeo ya kazi hiyo. Basi zana za mtambo na ziitwe "zana za ulinzi", kisha kila moja itajwe kwa jina lake:

1. Uhakiki wa utambulisho: kuhakikisha kwamba simu inayojiunga na mtambo ndiyo iliyoandikishwa, kwa kutumia nywila au hati ya kidijitali. Wengine husema "uthibitishaji"; lakini mtumishi wa serikali akisikia kuthibitishwa, hufikiria kuthibitishwa kazini.

2. Uidhinishaji: kuamua simu iliyokwisha kutambuliwa iruhusiwe kufanya nini, kwa mfano, kupiga ndani ya jengo tu, au hadi nchi za nje.

3. Usimbaji: kugeuza maneno kuwa msimbo ili anayenasa pakiti njiani asiyaelewe.

Faida ya kuyatenganisha haya huonekana mara wizi unapotokea. Mwizi huanza kwa kubahatisha nywila nyepesi, au ile iliyotoka nayo kiwandani. Akiipata, huandikisha chombo chake kama mojawapo ya simu za ofisi, kisha hupiga simu za nchi za nje usiku au mwisho wa juma, na ankara huja kwa ofisi. Usimbaji haumzuii, kwani yeye hajasikiliza mazungumzo ya mtu. Kinachomzuia ni uhakiki imara, na uidhinishaji ndio unaopunguza hasara. Kwa upande mwingine, nywila ngumu kiasi gani haitamzuia msikilizaji wa siri. Huyo huzuiwa na usimbaji. Mtafsiri aliyeyaita yote matatu "usalama" amemfanya msomaji afunge mlango mmoja na kuamini amefunga yote.

Tofauti nyingine ni kati ya ishara na sauti. Ishara ni taarifa zinazoanzisha na kukata simu. Sauti ni mazungumzo yenyewe. Itifaki moja ya ishara inayotumika sana ilichapishwa mwaka 1999 na kusahihishwa mwaka 2002, na itifaki ya kulinda sauti ilichapishwa peke yake mwaka 2004. Kusimba ishara, basi, si kusimba sauti, na tafsiri isiyotaja ni kipi kinachosimbwa ina upungufu.

Kuhusu kitenzi chenyewe, tunatoa tahadhari ndogo. Amri "simba mazungumzo" humleta mnyama wa mwituni mezani mwa karani. Afadhali kuandika "mazungumzo yasimbwe" au "yafichwe kwa msimbo".

Hatudai kwamba istilahi hizi ndizo za mwisho. Walimu wazijaribu darasani, watumishi wazitumie katika nyaraka, na lile litakalokataa kukaa vinywani mwa watu litafutiwe jingine. Ila jambo moja tunalishikilia: mahali ambapo mtambo una kufuli tatu, lugha nayo iwe na majina matatu.