Tansio, Presha na Shinikizo la Damu

Mjini Goma mgonjwa aghalabu husema ana "tansio", neno lililotoholewa kutoka Kifaransa. Nairobi na Dar es Salaam husemwa "presha", la Kiingereza. Vitabuni huandikwa "shinikizo la damu". Maneno haya hayabebi maana moja. Aliyeingiwa na hofu au hasira naye husemekana "amepanda presha", na hapo ndipo hatari ilipo: mgonjwa huamini kuwa maradhi huja na wasiwasi na kuondoka nao. Moyo ukitulia, vidonge huachwa. Katika mji ulioona vita, na Nyiragongo ikilipuka mwaka 2002 na 2021, imani hiyo inaeleweka. Ila ni nusu tu ya ukweli.

Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alichapisha katika jarida la The Lancet vipimo vya watu wapatao 1,000 wa Kavirondo Kusini, nchini Kenya. Shinikizo lao halikupanda uzeeni, kinyume na ilivyokuwa Ulaya. Je, walikingwa na nasaba? Utafiti wa N. R. Poulter na wenzake, uliotolewa mwaka 1990, ulipinga dhana hiyo. Vijana wa Kiluo waliohama vijiji vya kandokando ya Ziwa Viktoria kwenda Nairobi walilinganishwa na wenzao waliobaki. Katika miezi michache tu, shinikizo la waliohama lilikuwa juu zaidi. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi na potasiamu pungufu, yaani chumvi imezidi na vyakula vya shambani vimepungua. Mapigo ya moyo nayo yalikwenda kasi, kwa hiyo wasiwasi haukuondolewa katika hesabu.

Sodiamu huzuia maji mwilini. Damu huongezeka ujazo, na kuta za mishipa hugeuka ngumu polepole, bila maumivu, hadi kiharusi au figo kushindwa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku. Makayabu yasiyolowekwa vyema, na vidonge vya kuungia mchuzi, hukivuka kiwango hicho upesi. Maharagwe, ndizi na sombe huleta potasiamu, mradi sombe yenyewe isijazwe chumvi.

Hata tarakimu huhitaji tafsiri. Kwa desturi ya Kifaransa kipimo husomwa "14 kwa 9", kwa sentimita za zebaki. Kampala kipimo kilekile ni 140 kwa 90, kwa milimita. Msafiri asidhani tansio yake imepanda mara kumi njiani.