Bango la Taa: Kuchagua na Kuchapisha Vinili Inayopitisha Mwanga

Mlaji anayeagiza bango la taa kwa ajili ya duka la dawa, mgahawa, saluni au nyumba ya wageni hununua kitu kimoja kinachopaswa kufanya kazi mbili. Mchana bango husomwa kwa mwanga wa jua unaogonga uso wake na kurudi machoni. Usiku husomwa kwa mwanga unaotoka ndani ya kisanduku na kuupenya uso huo. Malalamiko yanayohusu mabango ya aina hii huwa na sura moja: bango lilipokabidhiwa saa nane mchana lilipendeza, mteja akamalizia malipo, na jua lilipotua herufi nyekundu zikageuka nyeusi, au rangi zote zikapauka kama kanga iliyofuliwa mno. Kwa duka la dawa linalouza hadi usiku, hilo si suala la urembo. Mzazi anayemtafutia mtoto dawa ya homa gizani hulipita duka bila kulitambua, na mwenye duka hubaki na deni la bango lisilomwita mtu.

Chanzo mara nyingi ni vinili yenyewe. Vinili ni utando mwembamba wa plastiki wenye gundi upande mmoja. Mitaani wengi huuita stika tu, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu stika si moja. Ile ya kawaida, ya kubandika ukutani au kwenye gari, imetengenezwa ili ifiche kilicho nyuma yake. Baadhi yake huwekewa gundi ya kijivu kwa kusudi hilo hilo. Ikibandikwa mbele ya taa huziba mwanga, na rangi iliyo juu yake huonekana kama kivuli. Vinili iliyo angavu kama kioo nayo haifai peke yake, maana huonyesha taa, nyaya na wadudu waliofia ndani ya kisanduku. Inayotakiwa ni vinili inayopitisha mwanga huku ikiusambaza. Chembe za rangi zimetawanywa sawasawa ndani ya utando, hivyo mwanga hutoka kwa kiasi kile kile kila mahali, na rangi ya usiku hukaribiana na ya mchana. Tuongeze kwamba vinili inayoziba mwanga si adui wakati wote: fundi mjuzi huweza kuitumia makusudi kufunika uwanja wote wa bango ili herufi peke yake ziwake. Kosa ni kuitumia pasipohitajika kwa kuwa ni rahisi kupatikana.

Kuzitofautisha hakuhitaji mtaalamu. Omba kipande cha vinili itakayotumika, kiweke juu ya kipande cha plastiki nyeupe ya maziwa kitakachokuwa uso wa bango, kisha washa tochi ya simu nyuma yake mahali penye giza. Uishike tochi umbali wa kiganja, isiigusе plastiki. Mwanga ukikosa kupita, jibu umelipata. Ukipita kwa mabaka, yaani hapa kweupe na pale kwa wingu, basi utando haukutengenezwa kwa kazi ya taa hata kama ni mweupe. Baada ya hapo toka nje na ukitazame kipande kile kile juani. Jaribio hili huchukua dakika chache, na muuzaji anayelikataa amekwisha kukupa sababu ya kwenda duka jingine.

Swali la pili ni namna utando ulivyotengenezwa. Kuna vinili iliyomiminwa, ambayo plastiki yake humwagwa ikiwa maji maji juu ya karatasi maalumu na kukaushwa katika tanuri. Na kuna iliyokandamizwa, ambayo plastiki moto hupitishwa kati ya rola na kuvutwa hadi iwe nyembamba. Ya kwanza huwa na unene wa karibu maikroni 50. Ya pili huwa kati ya 70 na 100 hivi. Mnunuzi anaweza kudhani kwamba nene ndiyo imara, lakini sivyo. Ile iliyovutwa na rola hubaki na hamu ya kurudi ilikotoka: jua likiipiga siku baada ya siku hujikunja, kingo zikaanza kuachia na mstari wa gundi chafu ukajitokeza kuzunguka kila herufi. Iliyomiminwa haikuvutwa, kwa hiyo hutulia. Ni ghali zaidi, na kwa bango la miaka mingi tunaiona kuwa na thamani ya bei yake. Bango la msimu mmoja halihitaji gharama hiyo.

Kuhusu muda wa kudumu, soma ahadi za watengenezaji kwa uangalifu. Idadi ya miaka inayotangazwa kwa kawaida hupimwa kwa bango lililosimama wima katika nchi zenye jua la wastani, na maandishi madogo hueleza kwamba muda hupungua katika maeneo ya joto na jua kali. Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa zipo katika maeneo hayo. Anayekuahidi miaka ile ile iliyoandikwa kwenye boksi bila kupunguza hata mmoja hajayasoma maandishi hayo, au anatumaini wewe hutayasoma.

Sasa tuje kwenye uchapishaji, ambako fedha nyingi hupotea. Mchana mwanga wa jua hupita ndani ya wino, hugonga weupe wa vinili, na hurudi kwa kupita wino ule ule mara ya pili. Jicho hupokea mwanga uliochujwa mara mbili. Usiku mwanga wa taa hutoka nyuma na kupita wino mara moja tu. Ndiyo maana picha iliyochapishwa kwa kiasi cha kawaida, ambacho kinatosha kabisa kwa bango lisilo na taa, hupauka taa zinapowashwa: nyekundu huelekea waridi, na buluu ya bahari huwa kama maji. Haina maana kwamba wino ni mbovu. Wino ni kidogo.

Dawa yake ni kuongeza wino, ama kwa kuipangia printa kiwango kinachofaa mabango ya taa, ama kwa kupitisha chapa mara mbili juu ya sehemu ile ile. Lakini wino ukizidi, mchana bango huonekana zito na lenye giza. Fundi hutafuta kiasi cha katikati, na hakipatikani kwa kukisia bali kwa kuchapisha sampuli ndogo na kuitazama katika hali zote mbili. Karakana zenye printa za wino unaokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno zina njia nyingine: huchapa rangi, kisha tabaka jembamba la wino mweupe, kisha rangi ile ile tena. Mchana jicho huona tabaka la juu. Usiku tabaka la nyuma huongeza nguvu. Kazi hiyo ni nzuri ikifanywa vizuri, na bei yake ni kubwa kwa sababu wino ni mara tatu.

Taa pia hufichua kasoro ambazo mchana zimejificha. Tundu dogo lisilo na wino huwa nyota, na mistari myembamba iliyoachwa na kichwa cha printa kinachohitaji kusafishwa huonekana wazi kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo pale bango linapohitaji rangi moja au mbili bapa, kwa mfano kijani cha duka la dawa, tunashauri usichapishe kabisa. Iko vinili inayopitisha mwanga ambayo tayari imetiwa rangi kiwandani. Hukatwa kwa plota na kubandikwa. Rangi yake ni sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo na hustahimili jua kuliko wino mwingi. Uchapishaji uachiwe picha na rangi zinazofifia polepole.

Wino wa kutengenezea unaotoa harufu kali unahitaji muda wa kutoa mvuke wake kabla ya kuwekewa laminesheni, na saa 24 hadi 48 si nyingi, hasa wino ukiwa umeongezwa. Ukifunikwa mapema, mvuke hunaswa ndani, gundi hulainika na kingo hujikunja. Mteja anayedai bango jioni ya siku ile ile aliyoliagiza anajinunulia tatizo hilo mwenyewe.

Uliza vilevile maungio yatakuwa wapi. Vinili huja katika mizingo yenye upana wa mita moja na kitu, hivyo bango pana lina maungio. Vipande viwili vikilaliana, mwanga hupita tabaka mbili na mstari mweusi hujitokeza. Fundi mwenye mazoea hupanga maungio yaangukie ukingoni mwa herufi au mahali pengine ambapo jicho halisimami.

Kuhusu kisanduku chenyewe tutasema machache. Taa za LED zikikaa karibu mno na uso huacha madoa ya mwanga ambayo hakuna vinili itakayoyaficha, kwa hiyo taka kuona bango likiwa limewashwa kabla halijapandishwa. Kifaa kinachopunguza umeme wa volti 230 kwa ajili ya taa kiwe cha kustahimili maji ikiwa kinakaa nje. Alama ya IP65 ni ishara nzuri. Kisanduku cha chuma lazima kiunganishwe na waya wa ardhi, na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni.

Makubaliano yaandikwe. Yataje aina ya vinili, kama imemiminwa au imekandamizwa, namna ya uchapishaji, laminesheni, muda wa dhamana na nani atakayegharimia kulishusha bango likiharibika ndani ya muda huo. Sampuli uliyoikubali isainiwe nyuma na pande zote mbili, nawe ubaki nayo. Sehemu ya malipo ibakizwe hadi bango liwashwe baada ya jua kutua, nawe ulitazame kutoka upande wa pili wa barabara. Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na kuuziwa stika ya kawaida kwa jina la vinili ya taa kunaweza kuangukia humo. Anayeleta lalamiko aje na risiti, makubaliano, sampuli iliyosainiwa, na picha mbili za bango zilizopigwa mahali pamoja, moja ya mchana na moja ya usiku.