Shabiki wa Arsenal aliyetiwa adabu na bunduki kuukuu

Na Mwandishi Wetu

MASHABIKI wa Arsenal tunapenda kujiita Washika Bunduki. Tunavaa jezi yenye mzinga kifuani na kutamba vijiweni. Lakini ukiuliza ni wangapi kati yetu tumewahi kushika bunduki halisi, wengi tutaangalia pembeni.

Mimi nimeishika. Na niseme ukweli mapema kabla hujanipigia makofi: ilinivua nguo mbele ya watu.

Nilikuwa masomoni Guildford, kusini mwa Uingereza. Niliishi nyumba moja na jamaa wa Kenya, mgonjwa wa Manchester United, ambaye kila wikiendi alikuwa anapotea na kurudi jioni ananuka mafuta ya mashine. Siku moja nikambana. Akacheka. "Kaka, wewe si Gunner? Njoo Bisley tukuone."

Bisley si uwanja wa mchezo mdogo. Chama cha kulenga shabaha cha Uingereza kilihamia hapo mwaka 1890 kikitokea Wimbledon. Michezo ya Olimpiki ya 1908 ilipofanyika London, mashindano mengi ya shabaha yalipigwa hapo, na Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Manchester 2002 nayo ililetwa hapo hapo. Kwa walenga shabaha, hiyo ndiyo Wembley yao.

Nikajiunga na klabu ndogo kama mwanachama wa majaribio. Sheria ya kule ni kali: unakaa kwenye majaribio miezi mitatu au zaidi, unapiga kwa bunduki ya klabu, na msimamizi yuko pembeni yako muda wote. Kuwa na yako ni mpaka polisi wakupe kibali. Nikakabidhiwa kwa mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, mfupi, mpole, asiyependa maneno mengi.

Jina la Spurs, kiwanda cha Liverpool

Mzee akaniletea Lee-Enfield Namba 4. Kwa asiyeijua, hii ni bunduki ya kukoki kwa mkono. Unainua mkono wa bolti, unavuta nyuma, ganda linaruka nje, unasukuma mbele, risasi mpya inaingia chemba. Uzito wake ni kilo nne hivi, na magazini inabeba risasi 10. Jeshi lilipopata silaha mpya, nyingi ziliuzwa kama mali chakavu, na ndivyo zilivyofika mikononi mwa raia wanaopenda shabaha.

Huku kwetu si ngeni. Askari wa KAR waliopelekwa Burma mwaka 1944 walikuwa na bunduki za ukoo huu. Kule Kanada, askari wa doria wa kaskazini, wanaoishi na baridi kali na dubu weupe, waliendelea kuitumia Namba 4 mpaka walipoanza kupewa mpya mwaka 2018. Chuma hiki hakijui kustaafu.

Yule Mkenya akanivuta sikio. "Unajua Enfield ni wapi?" Nikasema sijui. "Ni kaskazini mwa London. Tottenham wanafanyia mazoezi huko huko."

Nilitamani kuiweka chini. Mzee akaongeza chumvi kwenye kidonda: hiyo niliyoshika ilitengenezwa Fazakerley, kiwanda cha Liverpool, wakati wa Vita ya Pili. Yaani mimi wa Arsenal nimeshika bunduki yenye jina la kwa Spurs, iliyozaliwa Liverpool, na aliyenipeleka ni wa United. Acha kabisa.

Penalti ya yadi 200

Unalala kifudifudi, mkanda umeubana mkono wa kushoto, kitako kimekaa sawasawa begani. Shabaha iko yadi 200, kama mita 183. Unachungulia kwenye tundu la nyuma, unaiweka ncha ya mbele katikati, unavuta pumzi, unaitoa nusu, unabaki kimya. Kisha unaminya traiga taratibu. Unaminya, huivuti kwa nguvu.

Risasi zangu za kwanza zilikwenda popote zilipotaka. Nikalaumu bunduki. Imezeeka, nikasema, mtutu umechoka. Mzee hakubisha. Akachukua magazini, akageuka pembeni, akachanganya risasi halisi na za bandia, akanirudishia bila kuniambia zipi ni zipi.

Nikapiga ya kwanza, pwaa. Ya pili nikaminya, kimya. Lakini mdomo wa bunduki ulizama chini kama mtu aliyesinzia kwenye daladala. Hakukuwa na mlio wala teke begani, ila mwili wangu ulikuwa umeshaanza kuogopa. Kumbe bunduki ilikuwa nzima. Mwoga alikuwa mimi.

Ni yule mpiga penalti anayemwangalia kipa badala ya mpira. Mguu haujagusa mpira, yeye ameshainua kichwa kuona kama amefunga. Mpira unapaa juu ya mtambaa panya, halafu anaangalia nyasi kana kwamba nyasi ndizo zenye kosa.

Dawa niliyopewa ilikuwa ya kuchosha. Kila siku ya mazoezi, kabla ya risasi yoyote halisi, bunduki inakaguliwa kuwa ni tupu, inaelekezwa upande salama, kisha Mzee anaweka sarafu juu ya mtutu karibu na ncha ya mbele. Naminya traiga. Sarafu ikianguka, tunaanza upya. Wiki ya kwanza niliokota sarafu kama muuza karanga. Baada ya wiki sita ikaanza kutulia, na kwenye shabaha matundu yakaanza kusogeleana.

Nikaanza kuvimba kichwa. Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanzia.

Chumvi isiyoonekana

Siku hiyo tulipiga risasi za zamani za kijeshi. Nyingi za enzi hizo zina fataki yenye kemikali ya klorati. Ikilipuka, inaacha ndani ya mtutu chumvi, ndugu wa damu wa chumvi ya mezani. Huioni. Inakaa humo inavuta unyevu wa hewani, na unyevu wa Uingereza unaujua mwenyewe. Baada ya siku chache chuma kinaanza kuliwa.

Watu wengi hudhani mafuta yanatosha. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu. Kinachoiondoa ni maji. Unahakikisha bunduki ni tupu, unatoa bolti, unaweka faneli upande wa chemba na kumwaga birika zima la maji ya moto yapite mpaka mdomoni. Askari wa zamani walifanya hivyo hivyo. Uzuri wa maji ya moto ni kwamba chuma kinapata joto na kujikausha chenyewe. Kisha unapitisha kamba yenye kitambaa, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka kitambaa kitoke safi. Mwisho unapitisha mafuta kidogo. Kazi yote ni dakika 20.

Mimi dakika 20 sikuwa nazo. Arsenal walikuwa wanacheza na Tottenham jioni ile, na basi lilikuwa linaondoka. Nikapitisha kitambaa kimoja chenye mafuta, nikafuta bolti ing'ae, nikairudisha.

Mzee akaniuliza mlangoni, "Umepitisha maji?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Mzee."

Akaniamini, akaifungia stoo. Nikakimbilia basi.

Wiki iliyofuata aliniita pembeni. Alikuwa ametoa bolti, ameweka karatasi nyeupe upande wa chemba ili mwanga uingie. "Angalia," akasema. Nikachungulia kutoka mdomoni. Ile mifereji inayozungusha risasi, ambayo siku zote ilikuwa inang'aa kama pete ya ndoa, ilikuwa na rangi ya chungwa.

Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alisema: "Bunduki hii imetoka vitani nzima. Imekuharibikia wewe, kwa sababu ya mpira." Kisha akaongeza, "Na kutu naweza kuisugua. Ile 'ndiyo' yako nitaisugua na nini?"

Nilikosa pa kuweka uso.

Mwezi wa benchi

Adhabu ilikuwa mwezi mzima bila kupiga hata risasi moja. Kila Jumamosi nafika, nasafisha bunduki za wenzangu, naondoka. Yule wa United alikuwa ananipita na kuniuliza kama kocha amenipanga leo.

Lakini pale benchi ndipo nilipoijua bunduki. Nilijifunza kwamba bolti ya bunduki moja haipelekwi kwa nyingine hata kama inaingia. Kichwa cha bolti ya Namba 4 kina namba, kuanzia 0 hadi 3, na kila hatua kinazidi urefu kidogo ili kishikilie risasi barabara ndani ya chemba. Nafasi ikizidi, ganda linaweza kupasuka na gesi ya moto ikarudi usoni kwa mpigaji. Ndiyo maana bunduki kuukuu iliyonunuliwa mnadani hupelekwa kwanza kwa fundi akaipime, na miwani haivuliwi.

Nilijifunza pia kwamba mafuta ni mazuri stoo, ni mabaya kwenye mstari wa kupigia. Chemba yenye mafuta hailishiki ganda, nguvu yote inaishia kwenye bolti. Lazima uyafute kabla ya kupiga. Risasi nazo zina kingo kitakoni, hivyo zinapangwa kingo ya juu ikitangulia mbele ya ile ya chini. Ukikosea, zinang'ang'aniana kama mabeki wawili wanaogombea mpira mmoja. Mbao nazo zinapakwa mafuta ya kitani kwa kiganja, kidogo kidogo, maana mbao ikipinda inausukuma mtutu na shabaha inahama.

Ile kutu nilisugua mwenyewe, Jumamosi nne. Ilitoka, lakini si yote. Vilibaki vidoa vidogo kama alama za ndui, na vipo mpaka leo. Bunduki inapiga vizuri tu. Ila anayechungulia anajua kuna mtu aliwahi kuzembea.

Tunawasifu wafungaji, tunawasahau wanaobaki uwanjani baada ya mechi kujinyoosha, kulala mapema na kuuguza misuli. Wangapi tumewaona wakiwaka msimu mmoja, kisha wanapotea? Miguu haikuisha kwa kupiga mashuti. Iliisha kwa yale waliyofanya, au wasiyofanya, baada ya filimbi ya mwisho.

Siku yangu ya mwisho Bisley, Mzee alinipa bunduki yake binafsi nipige risasi 10. Tisa zilikaa karibu karibu, moja ikatoroka kushoto. Sikuuliza nimepata ngapi. Nilienda kuweka maji jikoni.

Arsenal walikuwa wanacheza jioni hiyo pia. Yule wa United akanipigia honi nje, akapiga tena. Nikamwambia atangulie.

Mzee alikuja akasimama mlangoni, akaangalia mvuke unatoka mdomoni mwa mtutu. Safari hii hakuuliza kitu.